Nimevaa nyungo miguuni: kutembea milimani Colorado siku moja baada ya theluji mpya

MchagaWaDenver:

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekulia Kibosho. Asubuhi kukiwa kweupe nilikuwa naiona theluji ya Kibo nikienda kuchota maji, na sikuwahi kuigusa hata siku moja. Nilikuja kuigusa Denver, kwenye maegesho ya kazini, beleshi mkononi na hasira moyoni, nikilifukua gari langu. Miaka minne nimeichukia. Najua humu tupo wengi tunaoishi nchi za baridi, na mwezi wa kumi na moja ukiingia tunajifungia ndani hadi wa nne kama viazi vya mbegu. Sasa Jumamosi iliyopita kuna jambo limenipata, nikaona nilianzishie uzi.

Ijumaa usiku theluji ilimwagika. Asubuhi anga ni buluu tupu, hakuna upepo mjini, na mfanyakazi mwenzangu (mzawa wa huku, mtu wa milima tangu utotoni) akanipigia simu: jiandae, tunakwenda Bear Lake.

Bear Lake ni ziwa dogo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain. Kutoka Denver ni karibu saa mbili, unapita Boulder, Lyons, halafu mji mdogo wa Estes Park. Barabara maarufu ya juu ya hifadhi, Trail Ridge Road, hufungwa msimu wote wa baridi, lakini ya Bear Lake husafishwa na magreda. Unapoegesha gari uko kama mita 2,890 juu ya usawa wa bahari. Kwa waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hapo umeshapita kambi ya Mandara, na umefika umekalia kiti chenye joto! Kwa hiyo kichwa kikigonga usimsingizie shetani.

Viatu vya theluji, vile vipana vya kumzuia mtu asizame, nilikodi Estes Park. Mimi nimevipa jina la nyungo, maana ndivyo vinavyofanana, hasa vile vya kale ambavyo wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini walivitengeneza kwa fito zilizokunjwa na kamba za ngozi. Wachawi wa kwetu wanasifika kwa kusafiri na ungo mmoja, mimi nilikuwa na mbili na bado nilihema kama mbwa. Vya siku hizi vina fremu ya aluminiamu, katikati plastiki ngumu, chini meno ya chuma. Unavaa buti lako la kawaida, unalifunga kwa mikanda upande wa vidole. Kisigino hakifungwi, kinanyanyuka kila hatua. Nyuma kuna kijiwaya ambacho ukifika kwenye mpando unakisimamisha, kisigino kinakalia juu yake, misuli ya nyuma ya mguu inapumua. Hicho kijiwaya nilikigundua tukiwa tumeshamaliza mpando. Mwenzangu alidhani najua.

Usidanganywe na picha, mtu haelei juu ya theluji mpya. Unazama, ila unazama kwa kiasi. Nilivua kiatu kimoja kujaribu, mguu ukaenda hadi pajani, nikabaki nimepanda pale kama mgomba. Nikivaa nilikuwa nazama chini ya goti kidogo. Anayetangulia ndiye anayelima shamba, wa nyuma anapita kwenye tuta lililokwisha kushindiliwa. Tulikuwa tunapokezana kila baada ya dakika kumi hivi, na zile kumi zangu zilikuwa ndefu kuliko zake, naapa.

Njia ni hii: Bear Lake hadi Nymph Lake si kilomita moja. Kutoka hapo hadi Dream Lake ni kilomita nyingine moja hivi, umefika kama mita 3,020. Mbele zaidi kuna Emerald Lake, mita 3,080 hivi, na ndipo tulipopanga kula. Yote kwenda tu haifiki kilomita tatu. Kiangazi watu wanapita na ndala. Sisi hadi Dream tulitumia karibu saa mbili.

Lakini uzuri wake! Misonobari imebeba theluji hadi matawi yameinama kama watu wanaosali. Hakuna sauti. Si ukimya wa usiku wa kijijini, maana ule una vyura na panya na redio ya jirani. Huu ni kama mtu amekuziba masikio kwa pamba. Nilisimama pale Nymph nikasikia damu yangu.

Sasa kisa. Tumepita Dream Lake kidogo, bonde linaanza kubana, mlima Hallett umesimama mbele. Ghafla chini ya miguu yetu ikasikika FUUMP, kama mtu mnene amejitupa kwenye godoro kubwa, na theluji tuliyosimama ikashuka kama upana wa kidole. Mimi nikacheka. Mwenzangu hakucheka. Akaangalia juu, akaniambia, "Tunarudi." Nikamwonyesha kuwa mbele kuna alama za ski (zile mbao ndefu za kutelezea) za watu wawili waliotutangulia, wamepita vizuri tu. Akasema tena tunarudi, na akaanza kugeuka.

Chapati zangu nilizila kwenye gari. Nimenuna hadi leo. Swali langu kwa wazoefu: alikuwa mwoga, au mimi ndiye mshamba?

BwanaKaskazi:

Mkuu, sisi huku Tanga tunalipa pesa ya umeme kupata barafu ya kuweka kwenye juisi, wewe unalipa kukodi viatu vya kuikanyaga. Haya, naweka kiti hapa nisome. Picha ziko wapi?

MchagaWaDenver:

Simu ilizima kwa baridi ikiwa na chaji asilimia 60. Nina picha mbili, moja ni kidole changu.

FundiWaBern:

Mchaga, nimesoma hadi pale kwenye FUUMP nikaacha chai. Mwenzako mnunulie chakula. Kizuri.

Niko Uswisi mwaka wa kumi na moja, nimefanya kazi hoteli za milimani kabla sijahamia Bern, na jambo la kwanza nililofundishwa na wenyeji ni sauti hiyo. Wajerumani wanaiita "wumm". Ngoja niieleze taratibu, maana watu wengi hudhani maporomoko ya theluji ni theluji iliyozidi kilo ikaanguka. Sivyo.

Theluji hukaa kwa matabaka, kila mvuo na tabaka lake. Milima ya Colorado ina tatizo lake maalumu. Theluji ya mwanzo wa msimu, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, huwa nyembamba. Ardhi chini yake bado ina uvuguvugu, karibu na nyuzi sifuri, na juu usiku ni baridi kali bila mawingu. Mvuke unapanda kutoka chini kwenda juu kupitia ile theluji, na chembe zake zinageuka. Zinakua, zinapata pembe, zinakuwa kama sukari ya dukani. Zishike mkononi uzifinyange uone kama zitashikana, zitamwagika. Sasa juu ya sukari hiyo inakuja mvuo mpya, upepo unaupiga, unakuwa bamba. Una ubao mzito umelala juu ya choroko kavu. Kwenye tambarare haina neno. Uinamishe ule ubao, halafu mtu akanyage.

FUUMP uliyoisikia ni choroko zinabonyea. Tabaka la chini lilivunjika kwa uzito wenu, na mvunjiko ule haukai pale mlipo, unakimbia pembeni kama ufa kwenye kioo. Mlikuwa tambarare, mkashuka kidole kimoja. Ungekuwa umesimama kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, bamba lote lingeondoka nawe. Mengi huanguka kwenye mwinuko wa namna hiyo, kwa sababu ukali ukizidi sana theluji hujimwaga yenyewe kidogokidogo, na ukipungua haipati mwendo.

Na zile alama za ski si ushahidi wa kitu. Mtu wa kwanza anaweza kupita, wa pili akapita, wa tano akakanyaga mahali bamba lilipo jembamba, likakatika. Halafu hujui walipita saa ngapi, wala upepo umefanya nini tangu wapite. Huko kwenu upepo mkubwa hutoka magharibi, unakwangua theluji upande ule na kuimwaga upande wa mashariki wa safu. Bear Lake iko upande gani? Mashariki.

MchagaWaDenver:

Fundi, nimekuelewa, lakini nikubishie kidogo. Sisi hatukuwa kwenye mteremko. Tulikuwa bondeni, mahali karibu sawa. Hapo hatari inatoka wapi?

FundiWaBern:

Inatoka juu yako, kaka. Bonde likibana, miteremko yote miwili imekukalia kichwani. Ule mvunjiko unaweza kuanzia tambarare mliposimama, ukapanda hadi mteremkoni, ukalikata bamba mita mia juu yenu. Unaweza kuvuta kamba ukiwa chini, dari likakuangukia. Ndiyo maana mwenzako aliangalia juu kabla ya kusema neno.

Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 hadi 15 za kwanza ana nafasi nzuri ya kupona. Baada ya hapo nafasi inashuka haraka mno, hewa inakwisha. Helikopta haifiki kwa muda huo, kwa hiyo wa kukutoa ni yule uliyekuja naye. Wanaoingia maeneo hayo huvaa kifuani kifaa kinachotoa mawimbi ya redio, wanabeba fimbo ndefu ya kukunjua ya kuchoma theluji kutafuta mtu, na beleshi. Vyote vitatu, kila mmoja na vyake, na wamefanya mazoezi. Nyie mlikuwa na chapati.

Wapendao viatu vya theluji ndio wanaojisahau zaidi. Mtu wa ski anajua anakwenda mteremkoni. Sisi tunajiona tunatembea tu, kama kwenda dukani.

Mkisoma taarifa ya siku ya maporomoko ya theluji, kuna madaraja matano ya hatari. Daraja la 3 watu huliona la katikati, wakasema basi wastani. Vifo vingi hutokea siku za 3. Huku taasisi ya utafiti wa theluji ya Davos hutoa taarifa mpya kila saa 11 jioni wakati wa msimu, mimi huisoma kabla ya taarifa ya habari. Kwenu Colorado Avalanche Information Center (kituo cha taarifa za maporomoko) wanatoa kila siku, bure kwenye intaneti. Jumamosi yako ilikuwa daraja la ngapi?

MchagaWaDenver:

Nimeenda kuangalia sasa hivi. 3.

(Nimemtumia mwenzangu ujumbe. Kajibu kwa kidole gumba tu.)

MamaUvira:

Bonjour ndugu zangu. Niko Aurora, hapo tu karibu na Denver, sisi Wakongomani tumejaa huku. Kwetu hizo viatu tunasema raketi, sababu ya Kifaransa. Niko na watoto watatu na mama yangu ambaye amefika mwaka jana. Watoto wananisumbua kila wikendi, shuleni wenzao wanaenda mlimani. Je, kuna mahali pa kwenda bila hiyo habari ya kufukiwa? Nimesoma maneno ya Fundi roho imeruka.

FundiWaBern:

Mama, samahani kwa kukutisha, karibu. Mahali papo pengi. Kanuni yangu ni mbili: juu yangu kusiwe na mteremko mkali ulio wazi, na niwe ndani ya msitu mnene wa miti mizee. Nasema mizee kwa sababu mahali penye vijiti vichanga tu katikati ya msitu mkubwa, kama njia iliyofyekwa, jiulize nani alifyeka. Ukiona miti haina matawi upande wa juu wa mlima, ni theluji iliyoyakata ikipita. Huku Uswisi njia za viatu vya theluji zina vibao vya rangi ya waridi, zimechaguliwa na watu wanaojua, na wageni nawapeleka huko tu.

MchagaWaDenver:

Mama Uvira, shikamoo. Kuzunguka Bear Lake penyewe hakufiki kilomita moja na nusu. Nitamuuliza mwenzangu upande gani wa ziwa ni mzuri zaidi, maana mimi kwa sasa nimepoteza sifa za kutoa ushauri. Kuhusu barabara, hakikisha gari lina matairi ya theluji. Na ufike mapema, saa 2 asubuhi maegesho yanaanza kujaa. Mwezi wa kumi na mbili jua linazama saa 10 na nusu jioni, na nyuma ya milima giza linawahi zaidi, kwa hiyo saa 8 mchana uwe umegeuza.

KiloMiaNaKumi:

Wazee, mimi jina linajieleza. Vitanibeba?

MchagaWaDenver:

Vinapimwa kwa uzito wako pamoja na mzigo wa mgongoni. Mimi nina kilo 74 nilipewa vya inchi 25. Kuna vya 30 kwa watu wenye mwili, na theluji ikiwa mpya omba vikubwa bila aibu. Ila ujue vikubwa vinachosha nyonga, unatembea umetanua miguu kama mtu aliyetoka jandoni.

MgumuWaMoshi:

Vijana, nimefurahi uzi huu. Mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka tisa, sasa ni kiongozi wa wageni. Theluji ya kwetu juu ya Barafu Camp mara nyingi ni ya kina kifupi au imeganda ngumu usiku, kwa hiyo hizo nyungo hatuzihitaji, tunavaa geta tu (soksi za nje za kufunika buti na muundi) theluji isiingie kwenye buti. Ila baridi ni baridi. Nimeona Mchaga hajasema alivaa nini, na kimya hicho nakijua.

MchagaWaDenver:

Mzee umenikamata. Jinzi. Na fulana ya pamba ndani.

MgumuWaMoshi:

Nilijua tu. Pamba inanyonya jasho na kulikumbatia. Ukisimama kula, lile jasho linakuwa maji ya friji mgongoni. Ndani vaa sufu au nailoni ya michezo, katikati kitu cha joto, juu koti la kuzuia upepo, na unavua kabla hujatoka jasho. Wageni wangu nawaambia: ukianza safari ukiwa na joto zuri, umevaa kupita kiasi. Anza ukisikia baridi kidogo, dakika kumi mwili utawaka wenyewe.

Maji je? Kama ulitumia ule mrija wa kunyonya begani, uliganda.

MchagaWaDenver:

Uliganda nusu saa ya kwanza. Mzee ulikuwepo?

MgumuWaMoshi:

Haha. Usiku wa kwenda Uhuru huganda kila wiki. Beba chupa ya mdomo mpana, uifunge vizuri, uiweke kichwa chini. Maji huanza kuganda juu, kwa hiyo ukiigeuza mdomo unakuwa wazi. Na chupa ya chai ya tangawizi yenye sukari nyingi, usione haya. Simu kaa nayo mfuko wa ndani, karibu na mwili. Chokoleti zitakuwa mawe, ila chapati inabaki chapati, hapo uliwaza vizuri.

Miwani ya jua ni lazima hata kukiwa na mawingu. Theluji mpya inarudisha karibu mwanga wote machoni. Nimeona mpagazi aliyempa mwenzake miwani yake, usiku ule alilia kama ametiwa mchanga machoni. Mafuta ya jua pia, na sisi weusi tunaungua, pakeni hadi chini ya pua na kidevu maana mwanga unatoka chini.

Na mwangalie mwenzako. Mtu akianza kujikwaa, kuangusha glovu, ulimi unakokota, anasema "niko sawa" kwa hasira, hayuko sawa. Akitetemeka bado yuko nawe. Akiacha kutetemeka na hajapata joto, hapo ndipo uogope. Mpe nguo kavu, kitu kitamu, na mshuke. Vidole vikiwa vyeupe havina hisia, msivisugue na theluji, hiyo ni dawa ya wazee wa zamani na inaumiza nyama. Viweke kwapani.

BwanaKaskazi:

Kwapani kwa nani?

MgumuWaMoshi:

Kwa rafiki wa kweli.

Niwaachie na hadithi ya kwetu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai kule nyuma ya Mombasa, aliuona mlima wetu ukiwa na weupe juu. Akamuuliza kiongozi wake ule ni nini. Yule bwana hakuwa na jina la theluji, akamjibu ni "baridi". Basi. Rebmann alipoandika Ulaya kuna wasomi waliombishia, theluji kwenye ikweta haiwezekani. Yule kiongozi angewaambia waje waishike.

KiloMiaNaKumi:

Nimekodi vya 30. Dada wa dukani aliniangalia akaleta mwenyewe kabla sijasema.

MamaUvira:

Ndugu zangu, ninaleta ripoti. Tulienda Jumapili, watoto watatu, mimi, mama yangu na binamu mwenye gari ya matairi mazuri. Nilisoma taarifa, ilikuwa 2. Tulizunguka ziwa tu ndani ya miti, upande ambao rafiki ya Mchaga alituambia. Raketi za watoto ni ndogo, rangi kama za mapipi, walikimbia nazo kuliko sisi.

Mama alikataa kuvaa. Alisema miaka sitini na nane ametembea na miguu yake, hatavaa masahani. Akapiga hatua tatu nje ya njia, akazama hadi kiuno. Tulimvuta watu wawili, akiwa anacheka na sisi tunacheka, kitenge chake juu ya suruali mbili kimejaa theluji. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Leteni hizo masahani."

Tulitaka kuendelea hadi Nymph, lakini mdogo alisema anataka kukojoa. Kumvua suruali tatu, glovu, mikanda, na kumvika tena ilichukua karibu dakika ishirini, na tulipomaliza wa pili akasema na yeye. Tukarudi kwenye gari. Mama anauliza Jumapili ijayo tunaondoka saa ngapi.

MchagaWaDenver:

Saa 12 kamili asubuhi, mama. Mwenzangu kakubali kuja, lakini kasema chapati alete yeye au asije, maana zangu alizionja kwenye gari.

MamaUvira:

Mwambie aache. Nitaleta mimi.